Yai Libaki Nyumbani: Ushauri kwa Familia za Singida Zinazonunua Supamaketi

Barabara kuu itokayo Dodoma kwenda Mwanza inapita katikati ya mkoa wa Singida, na pale mjini inakutana na ile inayotoka Arusha kupitia Babati. Kwa barabara hizi Singida huuza vitu ambavyo mtaalamu yeyote wa lishe angependa kuviona kwenye sahani ya mtoto: kuku wa kienyeji wanaosafirishwa kwenye matenga hadi Dar es Salaam, mayai, asali ya Manyoni na Itigi, mafuta ya alizeti, kunde, choroko, na vitunguu vya soko la Misuna. Kwa barabara hizohizo tunanunua sembe, sukari, soda, biskuti, tambi za pakiti, juisi za boksi na mafuta ya mawese. Mfanyabiashara akiitazama hali hiyo haoni kasoro, maana kila upande umepata ulichotaka. Lakini ukiitazama kutoka upande wa mtoto wa miaka miwili anayekulia Ilongero au Nduguti, yai limetoka nyumbani na biskuti imeingia.

Hilo ndilo linalonisukuma kuandika. Sina ugomvi na supamaketi, na sitamwambia mama yeyote aache kuingia humo. Nina jambo moja tu ninaloliamini kwa dhati: chakula cha dukani kiongezee kile tulichonacho, kisikiondoe. Familia inayolielewa hilo hunufaika na duka. Isiyolielewa inaweza kutumia fedha nyingi zaidi kwa mwezi na bado watoto wake wakala vibaya kuliko bibi yao alivyokula.

Tuanze na supamaketi yenyewe, kwa sababu Singida haina zile za ghorofa zenye maegesho ya mamia ya magari. Kampuni kubwa zilizojaribu Tanzania zilijikita Dar es Salaam na miji ya kaskazini, na hata huko hazikudumu. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake mwaka 2014 kwa Nakumatt ya Kenya, Uchumi, nayo ya Kenya, ikafunga milango nchini mwaka 2015, na Nakumatt yenyewe ikaporomoka miaka michache baadaye. Wengi wetu mikoa ya kati tuliyasikia hayo kwenye habari tu. Ilichokipata Singida ni duka la kujichagulia mwenyewe: rafu, kikapu cha plastiki, friji la vioo, mashine ya risiti. Bango limeandikwa supamaketi hata kama duka lote ni vyumba viwili. Na kile kilichomo kwenye rafu hizo hakikukaa mjini. Kimeshafika kwenye maduka madogo ya kina Mangi wa Kiomboi, Ikungi na Itigi, kwenye pakiti ndogondogo zinazoning'inia juu ya kaunta. Kwa hiyo ninaposema supamaketi nina maana ya namna hii ya chakula, popote inapouzwa. Hata kwenye gulio la kijijini ipo.

Na itaongezeka. Amerika ya Kilatini mwaka 1990 supamaketi ziliuza sehemu ndogo tu ya chakula, kati ya asilimia 10 na 20. Kufikia mwaka 2000 ziliuza asilimia 50 hadi 60. Miaka 10 tu! Tanzania haijafika huko, na hiyo ndiyo nafasi yetu ya kujipanga kabla mazoea hayajaota mizizi.

Je, ni kweli duka linabadilisha miili ya watu? Jirani zetu wa Kenya wamepimwa. Mwaka 2012 watafiti wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Göttingen cha Ujerumani walikwenda kwenye miji mitatu midogo ya Kenya ya kati: Ol Kalou, uliokuwa na supamaketi tangu 2002, Mwea, uliopata yake 2011, na Njabini, ambao haukuwa nayo kabisa. Walipima uzito na urefu wa wazee kwa vijana, wakauliza kila kaya inanunua wapi chakula chake. Matokeo yalichapishwa 2015, na yanastahili kusomwa polepole. Watu wazima wa kaya zinazonunua supamaketi walikuwa wazito zaidi kuliko wenzao. Watoto na vijana wa kaya hizohizo hawakuonekana kunenepa, bali walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao, yaani udumavu ulipungua. Watafiti walieleza kuwa yote mawili yalitokana na chanzo kimoja: watu walikula nishati nyingi zaidi kwa siku, na aina ya vyakula ikabadilika.

Yaani chakula kilekile kilimsaidia mtoto kurefuka na kikamwongezea mama yake uzito asiouhitaji. Mtu akikuambia supamaketi ni sumu, au akikuambia ni maendeleo matupu, mpe mfano wa Ol Kalou. Kwa familia ya Singida maana yake ni kwamba huwezi kununua kwa macho ya mtu mmoja. Lazima ujiulize kila kitu unachoweka kwenye kikapu ni cha nani: cha mtoto anayekua, cha mama mjamzito, au cha baba wa miaka 50 ambaye kutwa nzima amekaa ofisini au nyuma ya usukani.

Hapa kwetu matatizo hayo mawili yanaishi nyumba moja. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta watoto 34 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Wa 2022 ulikuta 30, hatua njema lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Utafiti huohuo wa 2015/16 ulikuta wanawake 28 kati ya 100 wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi, na 45 wana upungufu wa damu. Mwanamke anaweza kuwa mnene na damu yake ikawa pungufu kwa wakati mmoja, kwa sababu sembe, sukari na mafuta humpa nishati tele bila madini chuma ya kutosha. Tuache kumsifia mtu kwamba amenawiri kwa kuangalia mashavu tu.

Kwa nini vyakula vya pakiti vinanenepesha haraka? Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu 20 kituoni wakawalisha wiki mbili chakula kilichosindikwa sana kiwandani, na wiki mbili chakula cha kawaida kilichopikwa. Sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi vilivyoandaliwa mezani vililinganishwa, na kila mtu aliruhusiwa kula hadi ashibe. Kwenye chakula cha kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku bila mtu yeyote kuwahimiza. Chakula hicho ni laini, kinamezwa haraka, na tumbo linachelewa kusema limetosha. Linganisha na ugali wa uwele kwa mlenda na kunde: ukila tonge kadhaa unahisi umekula.

Sasa twende kwenye mambo ya kufanya.

La kwanza, na ndilo lililoipa makala jina, linahusu kile kinachotoka nyumbani. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kisha hulalia. Kaya nyingi huyagawa sehemu mbili, ya kuangua na ya kuuza. Nakusihi uweke sehemu ya tatu, ya kuliwa, na uiweke kabla ya zile nyingine. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kula yai lililoiva vizuri, na yule wa mwaka mmoja hadi mitano akipata yai siku kadhaa za wiki, amepata protini na virutubishi ambavyo biskuti haiwezi kumpa hata akila boksi zima. Baba ndiye mara nyingi anayepokea fedha za kuku siku ya mnada. Kwa hiyo mazungumzo haya yafanyike na baba akiwepo, si jikoni peke yake. Ukikubaliana naye kwamba kwa kila trei ya mayai 30 inayouzwa mayai sita hayatoki nyumbani, hujamfilisi mtu. Na kama mila ya nyumbani kwenu bado inamnyima mtoto au mjamzito yai, bibi na babu waambiwe kwa heshima kwamba kliniki inashauri vingine. Wengi husikia wakielezwa vizuri, hasa na mhudumu wa afya wa kijiji wanayemfahamu.

Hivyohivyo kwa karanga, kunde, njugu mawe na asali. Ukivuna, tenga kwanza akiba ya chakula ya miezi ya mvua, Desemba hadi Machi, kabla ya kumwita mnunuzi. Singida tuna msimu mmoja tu wa mvua. Anayeuza kunde zote Juni kwa bei ya mavuno atanunua maharage Februari kwa bei ya njaa, na mara nyingi hatanunua. Atanunua sukari ya chai.

La pili ni mpangilio wa matumizi. Ukishika fedha ya wiki, anza sokoni, malizia supamaketi. Gengeni na sokoni ununue mboga za majani, nyanya, dagaa, kunde au maharage, matunda ya msimu, karanga. Kinachobaki ndicho kiende kwenye rafu. Wengi hufanya kinyume: hupitia supamaketi wakitoka kazini kwa sababu ni safi na ina taa, fedha inaishia pale, na mboga inakuwa ya kuokoteza. Nimeona kina mama wenye kipato kizuri tu mjini wakiwapikia watoto tambi za pakiti jioni, na dagaa wa Mwanza wanauzwa hatua chache kutoka mlangoni mwao. Sembuse mwenye kipato kidogo.

Ukiwa ndani ya duka piga hesabu ya kilo. Tuseme pakiti ya gramu 250 ni shilingi 1,500. Kilo yake ni shilingi 6,000, hata kama bei iliyobandikwa inaonekana ndogo. Pakiti ndogo ndiyo inayomaliza fedha ya maskini, maana anailipia mara nyingi bila kuona jumla yake. Na kama unaweza, usimpeleke mtoto. Pipi na chokoleti zimepangwa karibu na mahali pa kulipia, kwenye usawa wa macho yake, na mwenye duka anajua kwa nini.

Vipo vitu ambavyo duka linakushinda, na hivyo vinunue bila wasiwasi. Chumvi ni cha kwanza. Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, acha ile ya mawe inayopimwa kwa kikombe na isiyojulikana ilikotoka. Upungufu wa madini joto huleta rovu, na kwa mjamzito huathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Bei yake ni ndogo mno kulinganisha na hasara hiyo. Ifunike vizuri nyumbani, na uitie mwishoni mwa mapishi.

Cha pili ni unga. Tangu kanuni za 2011, viwanda vikubwa vya unga wa ngano na wa mahindi vinatakiwa kuongeza virutubishi kama madini chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Kwa hiyo kama familia yako inakula sembe, chagua pakiti inayosema wazi kwamba imeongezwa virutubishi. Sembe ya kawaida ni mahindi yaliyoondolewa kiini na ganda, na humo ndimo virutubishi vingi vilimokuwa. Dona ni bora zaidi, kwa sharti moja nitakalolieleza muda si mrefu. Lakini Singida ina kitu bora kuliko vyote viwili, nacho ni nafaka zake yenyewe: uwele, mtama na ulezi. Zinavumilia ukame wetu, uwele una madini chuma mengi kuliko sembe tupu, na ulezi una kalsiamu kiasi cha miligramu 340 hivi kwa kila gramu 100, kiwango ambacho nafaka nyingine hazikifikii. Ukiloweka unga wa uji usiku ukachachuka kidogo, mwili hupata madini yake kwa urahisi zaidi. Bibi zetu walikuwa wakifanya hivyo kwa sababu ya ladha, na walikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba mtoto wa mjini ameshafundishwa kwamba ugali mwekundu ni wa wakati wa njaa. Usiupigie hotuba. Changanya na mahindi kidogokidogo, uweke mezani siku za wageni, ule wewe mwenyewe mbele yake.

Kuhusu mafuta, tunaishi kwenye mkoa wa alizeti na hatuna sababu ya kukaangia mafuta ya mawese kutoka mbali kwa kuwa tu chupa yake inameremeta. Mafuta ya alizeti yana aina ya mafuta iliyo rafiki zaidi kwa moyo, na vitamini E nyingi. Yale ya viwanda vikubwa yanatakiwa kuongezwa vitamini A. Angalia pakiti. Yale ya mashine ndogo za mtaani ni mazuri ukiyapata mapya, lakini yasiwe yale yanayosimamishwa juani kando ya barabara kwenye chupa nyeupe siku nzima. Jua na joto huyaharibu, na harufu yake kali ndiyo dalili. Nunua kwa mashine unayoijua, weka kwenye dumu lisilopitisha mwanga, na usikaangie mafuta hayohayo mara nyingi hadi yawe meusi. Na yatumie kwa kipimo. Mafuta mazuri nayo hunenepesha.

Maziwa ya pakiti, ukiyamudu, ni ununuzi mwema kwa watoto waliopita mwaka mmoja. Yanaokoa familia na homa zinazotokana na maziwa mabichi. Ukipata ya mfugaji, ni mazuri sana, yachemshe kwanza hata kama utayagandisha mtindi. Lakini soma: kuna unga mweupe wa kutia kwenye chai unaopangwa jirani na maziwa ya unga, na ukiangalia viungo vyake utakuta sukari au sharubati ya glukosi na mafuta ya mimea. Huo si maziwa na usimpe mtoto ukidhani umempa maziwa. Kwa mtoto aliye chini ya miezi sita habari ni fupi kabisa: maziwa ya mama pekee, bila maji, bila uji. Kopo la dukani ni la pale tu daktari anaposhauri.

Kusoma pakiti si kazi ya msomi. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi zaidi kikitangulia. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili kwenye kitu kinachoitwa juisi, umeshajua unanunua nini. Ukikuta orodha ndefu ya majina ambayo hayapo kwenye jiko lolote, kirudishe. Brazil iliweka kanuni hiyo kwenye mwongozo wake wa ulaji wa 2014: chakula asilia na kilichopikwa upya kipewe nafasi mbele ya kile cha kiwandani. Chile ilikwenda mbali zaidi mwaka 2016, ikalazimisha alama nyeusi mbele ya pakiti zenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiasi, ili hata asiye na muda wa kusoma aione. Sisi alama hizo hatuna kwenye rafu zetu, kwa hiyo kazi ya kusoma inabaki kwako. Angalia pia alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula, na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye friji gusa soseji na kuku: kama barafu imejikusanya ndani ya mfuko, huenda umeme ulikatika, nyama ikayeyuka ikagandishwa tena. Iache.

Sasa vinywaji, na hapa sitamung'unya maneno. Kama utabadilisha jambo moja tu baada ya kusoma makala hii, basi liwe soda. Chupa ya mililita 350 ya soda ya kola ina sukari kiasi cha gramu 37, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku nzima, na ingekuwa bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani takribani vijiko sita kwa mtu mzima. Chupa moja imeshapita kiwango hicho bora, na bado hujanywa chai. Juisi za boksi na za unga wa kukoroga hazina nafuu kubwa, zina rangi nzuri tu. Tuna ubuyu na ukwaju bwerere. Unga wa ubuyu una vitamini C nyingi kuliko chungwa, na ukikorogwa kwenye maji safi bila kuchemshwa, na sukari kidogo mno au asali kidogo kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, ni kinywaji cha heshima kwa mgeni yeyote. Ukinywewa pamoja na mlo wa kunde au uwele, vitamini C hiyo huusaidia mwili kufyonza madini chuma. Chai hufanya kinyume, kwa hiyo isinywewe pamoja na chakula, hasa na mjamzito. Ubuyu wenyewe uwe ule mweupe wa asili, usiwe ule uliopakwa rangi nyekundu na sukari.

Kuhusu hela ya kula shuleni: mtoto anayepewa shilingi 500 kila siku atanunua kinachong'aa, hilo ni la kawaida, usimgombeze. Badala yake mfungie kitu. Viazi vitamu vya kuchemsha, karanga za kukaanga, yai, ndizi, kipande cha muhogo. Na kama shule yenu inawataka wazazi wachangie mahindi na maharage ya chakula cha mchana, changia mapema na uhudhurie kikao. Mtoto aliyekula makande saa saba hana haja ya kukimbilia biskuti dukani.

Watu wazima tuna chumvi ya kuiangalia pia. Kiwango kinachoshauriwa hakizidi gramu tano kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya pakiti za viungo vya kupikia, soseji na zile tambi. Unga wa viungo unaokuja na tambi una chumvi nyingi sana. Kama lazima mzipike, tieni nusu yake, ongezeni yai na majani ya kunde. Kila aliyepita miaka 40 apime presha na sukari akipita kituo cha afya, hata kama hajisikii kuumwa.

Nilisema dona ina sharti. Mwaka 2016, mikoa jirani ya Dodoma na Manyara ilikumbwa na sumukuvu kwenye mahindi. Watu 68 waliugua, 20 wakafariki. Chakula kile kilikuwa cha nyumbani, kilicholimwa na wenyewe. Kwa hiyo chakula cha asili hakiwi salama kwa kuwa cha asili tu. Mahindi na karanga zikaushwe juu ya turubai, zisigusane na udongo, zikauke kabisa kabla ya kuhifadhiwa, ziwekwe juu ya chanja pakavu. Kabla ya kusaga au kupika zichambuliwe, na punje zenye ukungu, zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe kabisa, wala kuku wasipewe. Sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Dona inahitaji mahindi yaliyochambuliwa hivyo, isagwe kidogokidogo kwa sababu kiini chake kina mafuta na huchacha upesi. Nao unga wa lishe wa watoto usichanganywe karanga ukakaa wiki nyingi. Kaanga karanga, ponda, tia kwenye uji siku unapoupika.

Kazi nyingine ya msimu ni mboga. Kuanzia Januari hadi Aprili majani ya kunde, maboga na mlenda yamejaa, Septemba hayapo, na hapo ndipo familia inapohamia kwenye ugali na mchuzi wa nyanya ya kopo. Yakausheni kivulini, kwenye upepo, yakiwa yamefunikwa kitambaa chepesi, kwa sababu jua kali huua vitamini A. Yakishakauka, yawekwe kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Ukiyapika na karanga zilizopondwa au kijiko cha alizeti, mwili unaifyonza ile vitamini. Kila halmashauri ina ofisa lishe, na vijiji vina siku ya afya na lishe. Peleka mtoto akapimwe siku hiyo, na muulize ofisa huyo akuonyeshe kwa vitendo, kwa vyakula vilivyopo kijijini kwako.

Na wewe mwenye supamaketi, pia unasoma hapa. Weka uwele, ulezi, kunde na dagaa waliofungwa vizuri kwenye rafu ya mbele, na ubuyu mweupe kwenye friji pale soda zilipo. Wateja wako wengi wamekulia vyakula hivyo na wangevinunua wangevikuta safi, vimepimwa na vimeandikwa tarehe. Vikundi vya kina mama wanaotaka kuvizalisha waanzie ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, kwa mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, kisha TBS, ambao ofisi yao ya kanda ya kati ipo Dodoma, kwa ajili ya alama ya ubora. Anzeni na bidhaa moja mnayoiweza. Mlenda mkavu uliosagwa, bila mchanga, kwenye mfuko wa gramu 100, unaweza kusafiri kwa barabara ileile inayopeleka kuku wetu Dar es Salaam, na mpishi wa mjini akaupika kwa muda mfupi tu jioni akitoka kazini.